Kondensa ya Kikuubo

"Hii iko orijino?"

Hapo ndipo tulipomwacha fundi Hippolyte Mushagalusa Jumamosi iliyopita: ameinama juu ya injini ya Peugeot 504 nyeusi katika gereji yake ya Katwe, bisibisi mkononi, na Kapteni, mwenye swali hilo, amesimama nyuma yake karibu mno, pumzi inamfikia kisogoni. Wako wasomaji walioniandikia wiki hii kwamba Hippolyte ni mpumbavu, angesema ukweli yakaisha. Haya. Njoo usimame wewe pale, na koplo mwenye bunduki ameegemea mlango wa gereji, halafu useme huo ukweli.

Kwa aliyekosa gazeti, ukweli wenyewe ni huu. Kondensa ni kikopo cha bati, ukubwa wa kidole gumba, chenye waya mmoja, kinachofungwa ubavuni mwa distributa, kigawa-moto cha injini, kwa skrubu moja tu. Kikifa, moto wa plagi unakufa, na gari lako ni bati tupu. Tangu wenye maduka ya vipuri wafukuzwe nchini, kondensa orijino ya Peugeot ilikuwa adimu Kampala kuliko sukari. Hippolyte alikuwa nayo moja, ameificha ndani ya mkebe wa grisi. Mchana huohuo aliitoa akaifunga kwenye Peugeot 404 nyeupe ya Sista Alanyo.

Alanyo ni mkunga, sista wa hospitali. Ndiye aliyekesha siku mbili kando ya mke wa Hippolyte, Pélagie, hadi mama na mtoto wakapona. Siku hiyo alikuwa anamvusha mumewe, Ongom, kwenda Kenya. Ongom alikuwa opareta wa simu katika ofisi moja ambayo watu hawakuitaja kwa sauti. Akiwa na vile visikio masikioni alisikia majina ya watu watakaochukuliwa, akawaonya, wakatoroka. Sasa jina lililokuwa linapita kwenye simu lilikuwa lake.

404 ilitoka gereji saa sita na nusu. Saa saba ikaingia 504 ya Kapteni, imevutwa kwa kamba, kondensa imekufa. Hippolyte alikuwa amebakiwa na moja tu, ya bei rahisi, aliyoichukua soko la Kikuubo kwa Awiti, yule Mkenya anayeleta vipuri kutoka Kisumu. Tena Awiti hakumficha kitu. Alimwambia hizi zimeiga sura ya orijino basi. Kwa kuzunguka mjini zinafaa, lakini injini ikipata moto sawasawa kondensa inachoka, gari linazima, na likishapoa linawaka tena kama halikuwa na ugonjwa wowote.

"Iko orijino, Afande," Hippolyte akajibu.

Kapteni akamwamuru koplo awashe. Injini ilishika mara ya kwanza. Hippolyte akafuta mikono kwa tambara, moyo ukaanza kumrudi kifuani. Alikuwa amepiga hesabu yake: Kapteni anakaa Naguru, ofisi yake iko mjini, mwendo wa dakika kumi. Kondensa ya Awiti ingeweza kumpeleka na kumrudisha mwezi mzima bila kugundulika.

"Funga bonneti," Kapteni akasema. "Panda. Tunaenda Jinja."

Ewe ndugu yangu. Miaka ile Katwe ilikuwa na kawaida yake, na hakuna fundi ambaye hakuijua: ukitengeneza gari la mkubwa wa jeshi, unapanda naye safari ya kwanza. Likienda vizuri, unarudi na basi. Likizima njiani, upo hapohapo, hakuna haja ya kukutafuta. Mafundi walifanyiana mzaha juu ya jambo hilo, eti usiguse spana kabla hujamuaga mke. Hippolyte alisahau kwa sababu alijiambia safari ya kwanza ni Naguru.

Akapanda mbele, kando ya koplo. Kapteni akakaa nyuma, kama wakubwa wote wakaavyo, miguu ameinyoosha, kofia juu ya goti.

Walipopita Nakawa Kapteni akaanza kuzungumza, kwa sauti ya chini, bila haraka. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na ndiyo maana watu walimwogopa. Alieleza kwamba kuna opareta mmoja wa simu, mwizi wa maneno, anataka kukimbilia Kenya. Vijana wake walikuwa kwenye daraja la Jinja tangu asubuhi, lakini walikuwa wanasoma vitambulisho tu, na kitambulisho kinaweza kuandikwa jina lolote. Sura ya Ongom hawaijui. Yeye anaijua. Miaka mitatu amepita mbele ya meza yake kila asubuhi akijibu salamu yake. Kwa hiyo atasimama mwenyewe darajani, na kila uso utakaovuka Nile atautazama.

Hippolyte alitazama barabara. Akapiga hesabu nyingine. Alanyo alitakiwa kumchukua Ongom kwenye nyumba aliyojificha Mukono, ambadilishe nguo, ndipo washike njia. Kwa hiyo hawakuwa mbali mbele. Na 404 ni gari la watu wa pole, wakati koplo huyu alikuwa amekanyaga mafuta hadi sakafuni. Wakiendelea hivi, Kapteni atawapita njiani bila hata kuwatazama, na watamkuta darajani anawasubiri.

Basi gari likizima, Hippolyte anapigwa risasi. Lisipozima, Alanyo na Ongom wamekwisha. Sitaki kumpamba: aliogopa, na maili kumi za kwanza alimwomba Mungu kondensa ishike. Walipoingia Mukono akamkumbuka Alanyo aliyekaa chini sakafuni, mikono imeshika magoti ya Pélagie, akimwambia bado kidogo mama, bado kidogo. Hapo akaanza kuomba injini izime.

Akatega sikio. Lugazi wakaipita, miwa kushoto, miwa kulia. Injini inaimba. Wakaingia msitu wa Mabira, miti ikaziba jua, na Hippolyte akaanza kuamini kwamba kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe bidhaa ya bei rahisi ya Kikuubo imeamua kuwa imara.

Pa! Ekzosi ikapiga. Gari likashtuka, likaenda kidogo, likashtuka tena. Koplo akabadilisha gia. Pa! Likazima, likaserereka kwa kimya hadi ukingoni mwa barabara.

Kapteni hakupandisha sauti. "Fundi. Ona hiyo."

Hippolyte akashuka, akafungua bonneti. Ugonjwa aliujua kabla hajagusa kitu. Maji kikombe kimoja juu ya kondensa, dakika tatu za kungoja, na wangekuwa njiani. Badala yake akaanza na plagi. Akafungua ya kwanza, akaipuliza, akaitazama, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Ya pili vivyo hivyo. Alipomaliza zote nne akahamia kwenye pampu ya mafuta, kisha akafungua kifuniko cha kabureta na kutazama ndani kwa makini makubwa, kama daktari anayesubiriwa na jamaa wa mgonjwa. Kila dakika aliyoiiba aliihesabu kuwa ni ya Alanyo. Lori la miwa likapita. Basi likapita. 404 haikupita, naye akafurahi, kwa kuwa aliamini iko mbele, inakaribia daraja.

Dakika ishirini zikaisha. Tatizo likawa koplo.

Koplo yule, kabla ya jeshi, alikuwa dereva wa malori. Alisimama pale muda wote akitafuna kijiti. Halafu akaja, akalowesha kidole kwa mate, akakigusisha kwenye kondensa. Ikatoa mvuke, tsss.

"Afande, ugonjwa ni hii hapa," akasema. "Hii si orijino. Hata muhuri haina."

Kapteni akashuka. Akaikaribia injini, akainama, akaitazama ile kondensa muda mrefu. Kisha akamtazama Hippolyte.

"Uliniambia iko orijino."

"Na mimi waliniambia vile, Afande."

Kapteni akataka kujua ni nani hao waliomwambia. Hippolyte alimwona Awiti vizuri kabisa machoni mwake, na lile aproni lake lenye mifuko mikubwa, akijua kwamba jina moja tu likimtoka mdomoni, mwanamke yule hatalala kwake leo. Akasema aliinunua soko la Owino kwa mtu aliyetandaza gunia chini. Hamjui jina, na hata akimwona leo hatamtambua.

"Sawa," Kapteni akasema. "Tukifika Jinja utamkumbuka. Mto uko pale, utakusaidia kukumbuka."

Koplo akashauri waimwagie maji, gari litawaka. Kapteni akakataa. Yeye hawezi kwenda kumsubiri mhaini huku anasimama kila maili kumi kunywesha gari maji kama ng'ombe. Akauliza kondensa ya namna hii inapatikana katika gari gani. Hippolyte akawahi kujibu kwamba 504 ina ya kwake peke yake. Koplo akatema kijiti.

"Uongo, Afande. Ya 404 inaingia sawasawa."

"Basi simamisha 404 ya kwanza itakayokuja."

Wakasimama barabarani. Ikaja Volkswagen, koplo akaipungia ipite. Ikaja Land Rover ya misheni, nayo ikapita. Hippolyte alikuwa ametulia kidogo, msomaji, na ninyi mtamlaumu, lakini angejuaje? Kwake Alanyo alikuwa ameshavuka.

Kwenye kona, upande wa Kampala, ikatokea Peugeot 404. Nyeupe. Bampa la mbele limepinda kulia, na ni yeye Hippolyte aliyelipinda mchana ule alipokuwa anaiinua kwa jeki.

Akashika ubavu wa gari. Alanyo hakuwa mbele hata dakika moja. Tairi lilikuwa limempasukia Mukono, kama alivyokuja kumweleza koplo baadaye kidogo, na alipoteza karibu saa nzima akitafuta mtu wa kuliziba. Kumbe walikuwa wamempita bila kumwona, amechuchumaa kando ya barabara. Na kama koplo asingetaja kondensa ya 404, sasa angekuwa anapita hapa kwa amani, Kapteni ameketi kivulini, hana haja na mkunga.

Koplo akainua mkono. 404 ikasimama.

Alanyo alikuwa peke yake mbele, kofia nyeupe ya usista kichwani. Nyuma, mtu amelala kiti kizima, amevaa gauni refu la gomesi, kichwa kimefungwa kitenge, blanketi la hospitali limemfunika kuanzia mabegani, uso ameuelekeza kwenye mgongo wa kiti. Alanyo akasema, kabla hajaulizwa, kwamba ni mama wa uzazi wa kwanza, mtoto amelala kiupande, anampeleka Jinja kwa upasuaji. Koplo alichungulia kidogo tu, akarudi nyuma hatua mbili akitazama pembeni. Mwanamume aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mwanamke mwenye uchungu, hata akiwa na bunduki.

Kapteni naye akabaki mbali. Akamwambia Alanyo kwa adabu kwamba serikali inahitaji kitu kidogo kwenye injini yake, atapewa kingine mahali pake, kisha aende zake.

"Hicho kingine kitanifikisha?" Alanyo akauliza. Alimuuliza Kapteni, lakini macho yalikuwa kwa Hippolyte. Wawili wale walitazamana kama watu ambao hawajawahi kukutana.

"Kitakufikisha, Sista," Hippolyte akasema.

Alijua anasema uongo, na Alanyo alijua. Kondensa ya Awiti ingemwacha katikati ya Iganga na Bugiri, ng'ambo ya mto kabla ya mpaka, jua linazama, na mgonjwa asiye na mimba kwenye kiti cha nyuma.

Hippolyte akafungua bonneti ya 404. Akaitoa kondensa aliyoifunga yeye mwenyewe saa tatu zilizopita. Akarudi kwenye 504, akaitoa ile nyingine, ambayo sasa ilikuwa imeshapoa. Akawa nazo zote mbili, moja kila kiganja. Kwa umbo huwezi kuzitofautisha, ila ukizigeuza, kwani orijino ina muhuri mdogo kitakoni. Koplo alikuwa begani kwake, hapepesi macho.

"Ile ya sista iko wapi?" koplo akauliza.

Hippolyte akainua mkono wa kulia. Koplo akaigeuza, akauona muhuri, akaitikia kwa kichwa, akamrudishia.

Hapo mgonjwa akaguna. Mguno ulikuwa mzito, wa kiume kabisa, maana Ongom alikuwa amebanwa na mkojo, hofu na joto la blanketi kwa pamoja. Kapteni akageuza shingo. Lakini Alanyo hakuwa mkunga wa miaka kumi na sita bure. Alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, amepiga magoti juu ya kiti, amemfunika yule mtu kwa mwili wake wote, na sauti yake ikawa juu ya ule mguno.

"Geukeni, baba zangu! Kizazi kinafunguka. Geukeni, mtamletea mkosi."

Kapteni akageuka. Koplo akageuka, mgongo kwa magari yote mawili, macho kwenye miti.

Hippolyte alikuwa na muda wa sala moja fupi. Orijino akairudisha ndani ya 404, skrubu ikamponyoka ikaanguka kwenye vumbi. Akaipapasa chini bila kuinama, kwa kidole cha mguu kilichotokeza kwenye sandali, akaibana, akaiinua hadi mkononi, akaikaza. Waya. Nati. Kisha akaenda kwenye 504 akaifunga ile ya Awiti, akashusha pumzi, akapangusa mikono.

"Tayari, Afande."

Alanyo akatoka akijifuta jasho, akasema uchungu umepungua kidogo, lakini asicheleweshwe. Kapteni akaamuru magari yote mawili yawashwe, asikie.

504 ikawaka. Ikatulia, ikakohoa mara moja, ikatulia tena. 404 ikawaka, na ikalia laini, bila kusita, kama cherehani mpya. Hippolyte alisikia furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu asubuhi. Alijua kwamba kwake hakuna kilichobadilika. Gari la Kapteni litazima tena Njeru, karibu na daraja, au kabla, na safari hii hakutakuwa na maswali. Lakini Alanyo atakuwa ameshavuka, na mumewe pamoja naye. Alikuwa ameamua, na uamuzi ulimpa utulivu wa ajabu.

Kapteni alikuwa bado amesimama katikati ya magari mawili, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Gari ya sista inalia vizuri kuliko yangu," akasema.

Hippolyte akaeleza kwamba injini ya 404 ni nyepesi, Afande, kwa asili yake hailalamiki. Kapteni akatazama saa yake. Akaitazama 504 kwa uchungu wa mtu aliyedanganywa na kitu alichokipenda.

"Koplo, wewe na huyu fundi mtanifuata pole pole. Ikizima, mwache ndani ya msitu." Akachukua kofia yake. "Mimi nakwenda na sista."

Alanyo akasimama njiani mwake. Akamwomba kwa heshima yote: huyu ni mwanamke wa watu, yuko katika siri ya uzazi, mwanamume hawezi kuingia humo. Kama ni lazima, basi Afande akae mbele, na asigeuke hata kidogo.

Kapteni akatabasamu, tabasamu la kweli, la baba wa familia.

"Mimi iko na watoto kumi na moja, Sista. Hakuna kitu sijaona. Na mimi sikai mbele na dereva."

Akamsogeza kando kwa mkono mmoja, bila ukali. Akafungua mlango wa nyuma. Hippolyte alifungua kinywa apige kelele, aseme kondensa ziko kinyume, aseme jina la Awiti, aseme neno lolote litakalomgeuza mtu yule, lakini mtutu wa koplo ulikuwa umeshagusa mbavu zake.

"Mama, pole," Kapteni akasema kwa upole, ameinama mlangoni. "Vuta miguu kidogo, mimi nikae."

Miguu haikusogea. Kapteni akashika pindo la blanketi.